Tajiri Nisiyeweza Kumtaja

Siku tuliyomzika baba mkwe wangu pale Ilomba, mchungaji mgeni, kijana wa watu aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, alinikabidhi mimi karatasi ya wasifu wa marehemu niusome mbele ya waombolezaji. Alinichagua kwa sababu aliambiwa nina sauti. Hakuna aliyemwambia kwamba mimi ni mkwe. Wanawake wa Kinyakyusa waliokaa mkekani wakaanza kuangaliana, nikawaona wanaziba midomo kwa khanga, msibani pale pale, maana walijua kitakachotokea. Nikasimama, nikaanza vizuri, nikafika mahali pa jina, nikazimika. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja upesi kusimama ubavuni mwangu, na kuanzia hapo tukasoma wawili. Nikisoma kwamba alizaliwa, yeye anataja jina. Nikisoma kwamba alibatizwa, yeye anataja jina. Nikisoma kwamba alioa, watu walikuwa wameshashindwa kujizuia. Hata mama mkwe, mjane mwenyewe, mabega yalikuwa yanamtikisika na machozi yanamtoka, na mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya aina gani.

Kwetu mwanamke akishaolewa hamwoni baba mkwe wake. Sisemi kwamba anamwangalia kwa adabu. Hamwoni. Akisikia anakuja, anatoka njiani, anaingia migombani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Hali chakula naye, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitaji, wala la mtu mwingine yeyote aliyepewa jina hilo. Tena kama jina linafanana na neno la kila siku, neno hilo nalo analiacha. Jina la mzee wangu linafanana na kitu kimoja cha jikoni. Miaka yote hii mimi na wake wa mashemeji zangu tunakiita kitu hicho kwa neno tulilolitunga wenyewe, na siwezi kukuambia ni kitu gani, maana ukikijua kitu umeshalijua jina. Kwa hiyo anayesoma haya asitegemee kulipata hapa. Nitamwita Fundi, kama wateja wake walivyomwita. Wako wengi waliobatizwa wakaiacha mila hii, na wachungaji waliisema sana. Mzee wangu alikuwa Mkristo wa kufungua kanisa asubuhi na kulifunga jioni, lakini hili hakuliacha, na mimi sikutaka aliache. Wajukuu wanadhani ilikuwa mateso. Ilikuwa raha yetu, mimi na yeye, na hawawezi kuelewa hata niwaeleze vipi.

Mchungaji alikuja baadaye kuniomba radhi, nikiwa nimeshika sahani ya wali wa msiba. Akaniuliza, kwani si amesikia kwamba nilimfanyia mzee kazi? Mtu anafanyaje kazi kwa tajiri asiyeweza kumwona wala kumtaja? Nikamwambia nilifanya, na huyo ndiye tajiri wangu wa kwanza, na kwa ajili ya jina lake karibu niikose kazi ya pili. Akavuta kiti. Nilimsimulia mpaka wali ukapoa, na usiku nilipolala nikaona sijammalizia, ndiyo sababu nimeamua kuyaandika yote ya wakati ule.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa bibi harusi ambaye bado watu wanakuja kumtazama. Mume wangu Asajile alikuwa dereva wa lori la kazi za barabara, mtu wa kuja na kuondoka. Fundi alikuwa na nyumba ya kushonea ya vyumba viwili karibu na soko la Mbeya. Chumba cha mbele kilikuwa chake, na cherehani yake, na wateja. Chumba cha nyuma kilikuwa na cherehani ya pili iliyokaa bure tangu mtumiaji wake alipokimbilia migodi ya shaba. Mimi nilikuwa nimefundishwa kushona shuleni kwa wamisionari, vitambaa vya meza na magauni ya watoto, na nilikuwa natazama ile cherehani inavyoshika vumbi roho inaniuma. Mama mkwe ndiye aliyenisemea kwa mzee. Sijui alimwambia nini, ila siku moja niliikuta imepanguswa na kutiwa mafuta, na juu yake kaptura mbili za kaki zimeshakatwa, zinasubiri.

Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na ukuta wa matete uliokandikwa udongo. Yeye aliingia kwa mlango wa barabarani, mimi kwa mlango wa nyuma. Nguo alizikata yeye, na maagizo aliyaandika kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe: mstari mmoja, shona, mistari miwili, shona mara mbili, msalaba, fumua urudie. Nilikuwa naichukia ile misalaba. Mpelekaji na mrudishaji alikuwa mama mkwe, ambaye alilalamikia magoti yake kila akipita mlangoni, na ambaye hakuweza kufikisha ujumbe bila kuutia sukari. Nilikuwa namsikia Fundi kule ng'ambo akisema, mwambie kola hii imepinda, mtu akiivaa ataonekana anamtafuta mwizi nyuma yake. Mama anazunguka, anaingia kwangu, anakaa, anapumua, halafu ananiambia, "Anasema ndaga, asante sana, amefurahi, ila kola ukiweza uitazame kidogo." Mimi nimeshaisikia ya mwizi. Nami namjibu kwa sauti ya kuvuka ukuta kwamba kola imepinda kwa sababu imekatwa imepinda. Kule unasikika mkasi tu.

Saa sita mama mkwe alileta chungu kimoja, ndizi na maharage, au viazi, na kibuyu cha maziwa mgando. Alipakua sahani moja akaipeleka mbele, kisha akakaa kula na mimi. Nilikula nikiwasikiliza wateja. Makarani walikuja kupimwa suruali wakasengenya mabwana zao. Walimu walikuja wakanong'ona mambo ya siasa, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kunong'onwa. Wakulima wa milimani walikuja na koti la marehemu fulani wakitaka lipunguzwe limtoshe mrithi. Asubuhi za kipupwe ukungu wa mlima Loleza ulikuwa unaingia mpaka chumbani na miguu inakufa ganzi juu ya pedeli, lakini nakuambia kweli, sijawahi kuwa mahali nikajisikia niko kwangu kama chumba kile. Nilikaa humo mwaka na zaidi. Katika muda huo wote Fundi hakuniona uso, wala mimi sikumwona wake.

Kisha Asajile akahamishiwa Iringa, na mke anafuata mume. Tulipanga chumba kimoja kwenye nyumba ya Mhehe mmoja mpole, kitanda, kiti, sanduku na taa ya chemli. Upepo wa Iringa ulikuwa unapita chini ya mlango unageuza kurasa za Biblia. Nilimzoea jirani wa chumba cha pili, nikajifunza kusalimia kwa Kihehe, kamwene, nikala ugali na majani ya maboga, na nikawa sina la kufanya. Mikono ilikuwa inaniwasha. Halafu ikaja habari kwamba Asajile na wenzake watapiga kambi Igawa, njiani kwenda Mbeya, kiangazi kizima, kutengeneza makalvati ya barabara, na kambini wake hawaruhusiwi. Kaka mkubwa wa Asajile akatuma maneno kutoka kijijini Rungwe: mwanamke mwenye kazi anaweza kukaa mjini, mwanamke asiye na kazi arudi nyumbani akalime. Mwisho wa mwezi lori litanichukua. Sidharau jembe, nimelelewa nalo. Lakini nilijua nikirudi kule na kupewa shamba na kuku, cherehani nimeagana nayo moja kwa moja. Mbeya cherehani yangu ilikuwa imeshapata mtumiaji mwingine. Nilikuwa na wiki chache za kupata kazi Iringa yenye mahali pa kulala.

Kazi ya namna hiyo ilikuwa moja tu, kwa Bi Zainabu. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara, asili yao pwani, ila yeye amezaliwa Iringa, na bado baridi ya Iringa alikuwa anaitukana kila asubuhi kama aliyefika jana. Barazani alishonea kanzu na magauni ya harusi, na alikuwa amepata kazi ya sare za shule zaidi ya uwezo wake. Uani kwake waliishi wanawake wawili wa Kihehe waliomshonea, kila mmoja na chumba chake, na chumba cha tatu kilikuwa kitupu. Nyumba nzima ilinukia pasi ya mkaa na maandazi. Nazi zilimjia kwa lori kutoka Dar es Salaam, na nazi moja ilipitishwa kwenye vyungu vingi mpaka tui likawa la kusingiziwa tu, lakini alimpakulia kila aliyeingia.

Zama zile mtu aliyetafuta kazi alitembea na barua za matajiri wake wa zamani, zimefungwa kwenye kitambaa, nyingine zimechakaa hata hazisomeki. Zote zilisema mamoja: mwaminifu, mtiifu, hodari, hanywi. Bi Zainabu alikuwa hataki hata kuziona. Alisema aliwahi kuletewa na mpishi barua ya bwana aliyeondoka nchini mpishi mwenyewe akiwa bado ananyonya. Barua zinaazimwa, alisema, sawa na sufuria. Yeye alitaka umtajie tajiri wako jina na mlango wake ulipo. Kisha atatuma maneno kwa madereva wa malori, ambao wote walikuwa watu wake kwa sababu ya maandazi aliyowapa, na swali lake lilikuwa moja, mtu huyu kasoro yake nini? Tajiri akijibu kwamba huna kasoro, Bi Zainabu hakuchukui. Alisema wa kukusifu ni yeyote, ila kasoro yako anaijua aliyekaa na wewe.

Nilikwenda asubuhi, nimevaa gauni nililolishona mwenyewe. Alinipa kipande cha kitambaa cha marekani nikashona mshono mrefu mbele yake, akauvuta, akauinua kwenye mwanga, nikaona uso umelainika. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikasema shuleni, halafu Mbeya nyumbani kwa mume wangu, kwa fundi. Kwangu mimi hapo kila kitu kilikuwa kimeshasemwa. Ndipo akaniuliza fundi huyo jina lake nani, na mimi nikavuta khanga nikatazama sakafu.

"Siwezi kumtaja, Bi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili."

Naomba mwenye kusoma anielewe. Sikuwa naficha kitu. Nilidhani ananipima adabu. Kwetu kina mama watu wazima humtega bibi harusi hivyo hivyo, wanamuuliza kwa ujanja, huyu aliyepita nani, na akiteleza wanamcheka mwezi mzima. Nilijua kwamba Wahehe wana yao na Waislamu wana yao, lakini kwamba kuna mahali duniani mwanamke aliyeolewa anaweza kulitaja jina la baba mkwe wake kama anavyotaja chumvi, hilo halikuwahi kunijia akilini. Nikakaa kimya kwa fahari. Alipouliza mara ya pili nikakaa kimya zaidi. Bi Zainabu akakikunja kile kitambaa taratibu, akasema, basi nenda salama mwanangu, nafasi sina. Nikamshukuru. Nikatoka kichwa juu, nikiamini kwamba watu wa pwani wana upole wao wa kusema mambo, na kwamba ataniita kesho.

Hakuniita kesho wala keshokutwa. Asajile aliporudi safarini nilimsimulia jinsi nilivyofaulu, na yeye akacheka mpaka akalazimika kukaa kitandani, maana kiti kilikuwa kimoja na nilikikalia mimi. Akanieleza polepole mama yule alichokielewa. Mtu asiyetaka kumtaja tajiri wake, mbele ya mtu asiyejua mila yetu, ni mtu aliyefukuzwa, na anayefukuzwa kazi ya ushonaji amefukuzwa kwa kuiba vitambaa. Sikucheka. Nililia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Mimi niliyemtunzia mzee jina lake kama yai, leo mjini nimekuwa mwizi kwa sababu ya kulitunza.

Asajile akaenda mwenyewe kwa Bi Zainabu, akalitaja lile jina waziwazi, ni baba yake, hana mwiko nalo. Alirudi anakuna kichwa. Bi Zainabu alikuwa amefurahi sana kuisikia mila yetu, akamlisha, akataka kujua kama na wake wa machifu wanafanya hivyo. Lakini kuhusu kazi alisema sasa ndiyo mambo yameharibika zaidi. Baba mkwe ni shahidi gani? Atamsifu mkamwana wake ili mwanawe apate mke mwenye mshahara, na hata yeye Bi Zainabu angekuwa mzee angefanya hivyo hivyo. Kama huyo fundi ana kasoro ya kweli ya kumwambia, aje amwambie kwa mdomo wake, yeye atajua kama ni ya kweli. Asipokuja, yeye na mimi tumeshamalizana. Asajile alikuwa anapeleka vyuma Mbeya wiki ile ile, akamfikishia mzee maneno. Nilimuuliza mzee alijibu nini. Alisema hakujibu kitu, alikuwa anatia kifungo, akamaliza kutia kifungo.

Asajile akaenda kambini Igawa. Mimi nikaanza kufunga vitu, sanduku, sufuria, godoro nikalikunja, kisha nikalikunjua maana nilikuwa bado nalilalia. Sikumtegemea Fundi. Alikuwa mtu asiyesafiri. Kwake kutoka nyumbani Ilomba kwenda mjini Mbeya kulikuwa safari ya kutosha. Na aje aseme nini? Kwamba mkwe wake ni mzuri, aambiwe kwamba anamsifu kwa sababu ni mkwe wake. Mwezi ulikuwa umebakiza siku za kuhesabika, na mwenye nyumba alikuwa ameshaleta mtu wa kukiangalia chumba.

Adhuhuri moja, mmoja wa wale wanawake wa uani kwa Bi Zainabu akaja anakimbia, akasema naitwa, tena nipite kwa mlango wa nyuma, nisithubutu kukanyaga barazani. Hapo nikajua. Mtu wa kutoa agizo la namna hiyo Iringa nzima asingekuwa mwingine. Nilimkuta Bi Zainabu kwenye chumba cha cherehani, macho yanamng'aa, ananinong'oneza kwamba mzee amefika na lori la viazi, amekaa barazani ameupa mlango mgongo, na ameomba pazia literemshwe. Anasema amefuata vifungo. Mbeya ilikuwa na vifungo tele. Nikakaa chini nyuma ya pazia, nikajifunika, na Bi Zainabu akatoka akakaa katikati, pale anapoweza kumwona yeye na kulitazama pazia langu. Akamkaribisha chai. Kisha akamuuliza lile swali lake, kasoro ya mkamwana wako nini?

Nilikuwa nimezoea kumsikia kupitia udongo na matete. Kupitia kitambaa sauti yake ilikuwa karibu mno, nikaogopa hata kupumua. Alianza bila kujivuta. Alisema huyu hapendi kufumua. Ukimwambia mshono umepinda anabishana kwanza, anafumua baadaye, na akifumua anafumua kwa kisirani mpaka kitambaa kinachanika. Alisema anakula miwa akishona, na aliwahi kuidondoshea maji ya muwa suruali ya karani wa mahakama, suruali nyeupe, ikabidi yeye mzee anunue kitambaa kingine. Hiyo ilikuwa kweli, na sikujua kwamba aliijua, maana mama mkwe aliniapia kwamba amemtajia mzee sababu nyingine. Alisema anamaliza uzi, anarudia mshono mara tatu pale ambapo mara mbili inatosha. Alisema ana mdomo, tena mdomo wake unavuka ukuta. Nilikuwa nakaa kule nyuma nawaka. Nilisema moyoni, mzee huyu ametoka Mbeya na viazi vya watu kuja kunimaliza. Bi Zainabu yeye alikuwa anasema eheee, eheee, kama mtu anayekandwa mgongo.

"Mzee, umenipa kasoro nne," akasema mwisho. "Sifa hata moja hujanipa."

"Sifa utaziona mwenyewe, mama. Hizo hazihitaji mtu kupanda lori."

Bi Zainabu akacheka, lakini alikuwa mwanamke wa biashara, na alikuwa na swali lingine ambalo hata mimi sikulifikiria. Akamwambia, kwa mila yenu hujamwona uso hata siku moja. Mwanao angeniletea msichana yeyote, akamwita mkewe, na wewe ungekaa hapo ukaniambia kasoro za mtu mwingine. Utajuaje kwamba huyu aliye nyuma ya pazia langu ndiye? Nikasikia mzee anaweka kikombe chini. Akamwambia, mpe cherehani.

Nikaisogelea. Ilikuwa cherehani ya miguu, imara kuliko yangu ya Mbeya. Nikachukua kipande cha kaki, nikakikunja, nikaanza pindo. Kwa woga nikawa nakanyaga kwa uangalifu, mshono wa pole, mzuri, ambao mwalimu yeyote wa shule angeupenda. Kisha nikamsikia mzee anasema, kwa huzuni kabisa, "Huyo siye."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilikuwa nimeitwa mwizi nikavumilia. Nimesomewa kasoro zangu mbele ya wanawake wa uani nikavumilia. Sasa mtu yule yule ananikana. Nilikipindua kile kitambaa, nikakishindilia chini ya sindano, nikakanyaga pedeli kwa hasira yangu yote, nikafika pembeni nikasimama ghafla, nikavuta pumzi, nikageuza, nikaondoka tena mbio. Kabla sijafika pembe ya pili mzee alikuwa anacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Bi Zainabu naye akaambukizwa.

"Ndiye huyo," alisema. "Mama, ndiye. Anashona kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Tangu ameondoka nyumba ile imenyamaza, mimi nakata nguo naziweka, nakata naziweka. Nimechukua kijana mmoja, anashona vizuri kabisa. Hanibishii."

Hayo maneno ya mwisho aliyasema polepole, na Bi Zainabu hakusema eheee. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba chumba cha tatu uani kifagiliwe, na kwamba huyu binti aanze kesho na sare za wasichana, na miwa marufuku. Nikaziba uso kwa ile kaki. Nilimpenda mzee yule siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu mzima yeyote, na sikuwa na njia moja halali ya kumwambia.

Bi Zainabu akamuuliza kama anataka kupumzika ndani, lori litaondoka alasiri. Akasema hapana, hapo barazani panamtosha, ila kama haitamsumbua mama, huyo binti aendelee kidogo na kazi yake. Basi nikaendelea. Nilimaliza lile pindo, nikachukua kipande kingine, nikashona mistari inayokwenda na kurudi ambayo haikuwa nguo ya mtu yeyote. Nilikuwa nakanyaga vile vile ninavyokanyaga ili asikie, mbio, pembe, pumzi, mbio. Hakuna aliyenisemesha. Sikusikia barazani neno lolote, wala sikusubiri kulisikia. Jua lilihama kutoka dirishani likaenda ukutani.

Pazia likafunuliwa. Nikashtuka nikajifunika, lakini alikuwa Bi Zainabu peke yake, na nyuma yake baraza ilikuwa tupu. Aliinama akakichukua kile kitambaa, akakinyoosha kwenye mwanga, kimejaa matundu ya sindano, safu kwa safu, wala hakuna mshono. Akaniangalia.

"Mzee ameondoka zamani, mwanangu," akasema. "Na uzi wako umeisha zamani zaidi."

La uzi nilikuwa nalijua, nikamwambia.